Maktaba zetu na ziazimane

Mtu anayetaka leo kusoma habari kamili za mkonge wa mkoa huu wa Tanga hana budi ajifunge kibwebwe kwa safari. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyosalimika njiani, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yote tuyaonayo. Zao lenyewe limekaa kwetu zaidi ya miaka 130. Maandishi yake hayakukaa. Taasisi ya utafiti iliyofunguliwa na Wajerumani huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ilirithiwa na Waingereza, na baada ya Vita Kuu ya Pili kazi yake ya kilimo ikahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Majalada ya serikali ya Wajerumani, yapo yaliyobaki Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa na yapo yaliyo Berlin. Ya Waingereza, mengine yako London. Kituo cha utafiti cha Mlingano, hapa hapa Muheza, nacho kina yake.

Hatuyasemi hayo kwa kudai kwamba kila karatasi irudishwe Tanga. Maktaba ya mkoa wetu haina nafasi hiyo, wala hakuna maktaba duniani, hata ya taifa tajiri kuliko yote, iliyokusanya kila kitu. Tunalosema ni kwamba mtoto wa mkata mkonge wa Korogwe anayetaka kuijua kazi ya babu yake ana haki ya kujua kitabu kipo wapi, na ana haki ya kukiazima bila ya kupanda ndege. Jambo hilo wakutubi huliita ushirikiano wa maktaba katika kuazimana. Limezungumzwa katika mikutano mingi. Utekelezaji wake ndio unaosuasua, na sasa umezuka mwenendo mpya ambao, tusipouangalia, utaufanya ushirikiano huo usiwezekane kabisa.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulilikuta jambo hili limekwisha kupatiwa ufumbuzi. Inaposomwa hitima, msahafu hugawanywa juzuu 30, kila msomaji akapewa yake. Baada ya muda mfupi msahafu mzima umesomwa, wala hapana mtu mmoja aliyeusoma wote. Sharti la kazi hiyo ni kujulikana nani ana juzuu gani. Watu wawili wakipewa juzuu ile ile, na nyingine ikasahauliwa mkobani, hitima haikutimia. Tukizitazama maktaba zetu za umma, za vyuo, za shule na za taasisi, tutaona kwamba nyingi zimeshika juzuu ile ile: vitabu vya kiada vya namna moja na vitabu vya msaada vilivyotoka ng'ambo ndani ya makasha yale yale. Na zipo juzuu ambazo hakuna anayejua ziko kwa nani.

Wenzetu wa nchi za viwanda walilitambua hilo mapema. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1972 maktaba kubwa za Marekani zilikuwa na mpango ulioitwa Farmington, ambao chini yake kila maktaba ilipewa somo au nchi yake ya kukusanya, ili vitabu vya kigeni vilivyo muhimu viwepo angalau nakala moja mahali fulani nchini mwao. Mwaka 1962 Waingereza walifungua huko Boston Spa, katika eneo la kiwanda cha silaha cha wakati wa vita, maktaba ambayo kazi yake haikuwa kuwakalisha watu wasome, bali kuviazimisha vitabu na majarida kwa maktaba nyingine. Na katika jimbo la Ohio, vyuo vilivyoungana mwaka 1967 vilianza mwaka 1971 kuandika orodha moja ya vitabu vyao kwa kompyuta. Orodha hiyo ndiyo iliyokua ikawa WorldCat, inayounganisha maelfu ya maktaba duniani. Hawakufanya hivyo kwa ukarimu. Walipiga hesabu wakaona kwamba kununua kila kitu kila mahali ni kufuja mali.

Wala sisi hatukuanza jana. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka vitabu mashambani ndani ya makasha na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa taarifa yake juu ya maendeleo ya maktaba Afrika Mashariki, na ndiyo iliyofuatwa na sheria za maktaba katika nchi zetu: ya Tanganyika mwaka 1963, ya Kenya mwaka 1965. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sheria ya mwaka 1975 ikaipa Bodi ya Huduma za Maktaba jukumu la kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba za umma, na wachapishaji wa nchini wakatakiwa wawasilishe nakala za machapisho yao.

Katika miaka hiyo hiyo Taifa lilikuwa darasani. Watu wazima walisomea chini ya miembe, yakachapishwa magazeti ya vijijini, zikafunguliwa maktaba za vijiji ili aliyejifunza kusoma asirudi gizani. Takwimu rasmi za mwaka 1986 zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Kisha fedha zikapungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977 na Shirika lake la Vitabu likaondoka nayo. Maktaba nyingi za vijiji zikageuka ghala. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ukawekwa ushuru wa forodha wa pamoja na pasi ya kusafiria ya pamoja. Kitabu bado hakijapewa pasi yake.

Wakati sisi tunasinzia, wapo waliokuwa macho. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966. Kazi ya ofisi hiyo ni kununua vitabu, magazeti na machapisho ya serikali za nchi za Afrika Mashariki na jirani zake, kuyapeleka Washington na kuyagawa kwa maktaba nyingine za Marekani zilizojiunga katika mpango huo. Kadhalika, tangu mwaka 1963 maktaba kadhaa za Marekani zimechanga fedha pamoja kupiga picha kwenye filamu ndogo magazeti na nyaraka za Afrika, na filamu hizo, zinazotunzwa Chicago, huazimishwa kwa wanachama waliochanga. Hatuwalaumu. Wameyatunza maandishi ambayo pengine kwetu yangeliwa na mchwa. Lakini lipo jambo la kutufedhehesha hapa. Maktaba zao zinaazimana magazeti yetu, na sisi wenyewe hatuazimani. Mwanafunzi wa chuo kimoja cha Illinois anaweza kupata toleo la zamani la gazeti la Kiswahili kwa kujaza fomu tu, na mwenzake wa Lushoto hajui hata aanze kuuliza mlango gani.

Tuje sasa kwenye mwenendo mpya tulioutaja. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya viongozi, hudhani kwamba mtandao umekwisha kulimaliza suala la kuazimana. Husema: kila kitu kiko kwenye simu, maktaba za nini? Ni kweli kwamba mengi yako huko na yako bure, nasi tunashukuru. Lakini vitabu na majarida ya taaluma yanayouzwa yana sheria nyingine. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa, maktaba ndiyo mwenyewe. Itakiazimisha miaka 30, itakishona kikichanika, itaipa maktaba jirani ikitaka, na mchapishaji hana la kusema. Kitabu cha kompyuta, kwa kawaida, hakinunuliwi, hukodiwa. Maktaba hulipia leseni, na ndani ya leseni imeandikwa nani asome, kwa muda gani, na mara nyingi kwamba maktaba isimpe mwingine. Kampuni ya HarperCollins ilitangaza mwaka 2011 kwamba kitabu chake cha namna hiyo, kikishaazimwa mara 26 katika maktaba, leseni inakwisha na maktaba inunue upya. Fikirini, ndugu wasomaji, kitabu cha hadithi cha maktaba yetu ya mkoa kinachojifunga chenyewe baada ya mtu wa 26!

Msaada nao una mkono wake. Tangu mwaka 2002, kwa mpango wa HINARI ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, madaktari na watafiti wa nchi maskini wamekuwa wakisoma majarida ya tiba bure au kwa malipo madogo. Umeokoa maisha ya watu, hilo hapana shaka. Hata hivyo mapema mwaka 2011 wachapishaji wakubwa waliyaondoa majarida zaidi ya 2,000 kwa wasomaji wa Bangladesh, kwa hoja kwamba nchi hiyo sasa ina soko. Zikapigwa kelele, wakayarudisha. Waliolala wana majarida wakaamka hawana. Mtu aliyepewa ruhusa ya kutazama kwa dirisha la mwenziwe hawezi kumkaribisha jirani, kwa sababu dirisha si lake.

Hapa kwetu maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti zimeungana katika umoja ujulikanao kwa kifupi COTUL, ili zinunue leseni hizo kwa pamoja. Kenya wanao KLISC, Uganda wanao CUUL. Tunaunga mkono kwa dhati, maana anayenunua peke yake hupigwa bei. Lakini tutazame waliomo na wasiomo. Waliomo ni vyuo na watafiti. Mwalimu wa sekondari ya Kilindi hamo. Muuguzi wa zahanati ya Pangani anayesomea mtihani wake usiku hamo. Mwaka 2018 lilifunguliwa Mlimani, kwa msaada wa China, jengo la maktaba lenye nafasi ya vitabu 800,000. Ni fahari ya nchi nzima, na kwa kuwa ni fahari ya nchi nzima tunathubutu kuuliza: mwananchi wa Handeni asiye mwanafunzi wa chuo hicho atakiazima vipi kitabu kilicho humo kwa kupitia maktaba ya mkoa wake? Hatuulizi kwa ubaya. Kitabu kile kimelipiwa kwa jina lake pia.

Rai yetu ni hii. Maktaba haiwezi kuazimisha isichokimiliki. Basi ushirikiano wa kudumu hatuna budi kuujenga juu ya vile tulivyo navyo sisi wenyewe, na leseni za kukodi ziwe nyongeza. Na tunavyo vingi kuliko tunavyodhani. Vipo vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa tangu miaka ya Uhuru, ambavyo wachapishaji wake wengine wamekwisha kufunga na nakala moja moja zimebaki katika rafu za mikoa. Yapo magazeti. Zipo taarifa za vituo vya utafiti, za halmashauri, za vyama vya ushirika. Ipo miswada ya kale. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ikawekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, na ilichapishwa Leiden, Uholanzi. Msomi wa Ulaya aliipata mapema kuliko mwalimu wa chuo wa Pangani ambaye huenda muswada ulitoka nyumbani kwa jirani yake.

Namna ya kulifanya jambo hili kwa heshima ipo, na iko jirani. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, una miswada ambayo baadhi imeandikwa kwamba ni wakfu, yaani haiuzwi wala hairithiwi, bali ni ya wanafunzi. Katika miaka ya karibuni miswada hiyo ilipigwa picha kwa msaada wa mfuko ulio chini ya Maktaba ya Uingereza. Picha zikawekwa mtandaoni, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Mwenye mali hakupoteza mali, na aliye mbali anasoma. Huo ndio wakfu uliowekwa katika vyombo vya siku hizi.

Atakayesema kwamba tuziachie maktaba kubwa za ng'ambo zitutunzie kila kitu, akumbuke yaliyotokea Oktoba 2023. Wahalifu wa kompyuta waliivamia Maktaba ya Uingereza, mitambo yake ikazimika, na orodha yake ya vitabu ikawa haipatikani hadi Januari 2024. Huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi kurudi, na walioitegemea ulimwenguni walikaa wakisubiri. Ikiwa nyumba kubwa namna ile yaweza kufungwa kwa usiku mmoja, si busara mtu kuweka hazina yake yote humo na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa, kinachotuzuia ni nini? Wengi watajibu fedha. Fedha ni tatizo, lakini hatudhani ndilo la kwanza. La kwanza ni hofu ya mkutubi. Mkutubi wetu hukabidhiwa vitabu kwa hesabu, na anapokaguliwa huulizwa vilivyopungua. Haulizwi vilisomwa na watu wangapi. Kitabu kikipotea mikononi mwa msomaji, ni kosa lake. Kikikaa rafuni miaka 20 bila kufunguliwa, yeye ni mtumishi mwaminifu. Katika hali hiyo atafanya lipi isipokuwa kufunga kabati? Ushirikiano wowote utakaoanzishwa bila kuubadilisha ukaguzi huu utafia mezani. Wakubwa wa maktaba wakubali kwamba vitabu kadhaa vitapotea kila mwaka, wavitengee fungu, na wadai taarifa ya vilivyoazimishwa kwa maktaba nyingine kama wanavyodai taarifa ya vilivyomo.

La pili ni orodha. Bila orodha moja inayoonyesha maktaba ipi ina nini, kuazimana ni bahati nasibu. Orodha hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji kompyuta chache, vijana waliohitimu Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo, na amri ya kuanza. Izihusishe maktaba za shule, za vyuo vya ualimu, za vituo kama Mlingano na Amani, na za madrasa zitakazopenda. Zanzibar ina huduma zake za maktaba na sheria yake. Bahari isiwe sababu ya kuiacha nje.

La tatu ni uchukuzi, nalo tunaona linakuzwa bure. Kila siku mabasi hutoka Tanga kwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na ndani yake hubeba vifurushi vya kila namna: vipuri, dawa, samaki wakavu, nguo za harusi. Mwananchi hulipa nauli ya kifurushi, hupewa risiti, na mwenziwe hukipokea jioni. Kitabu kina uzito gani kuliko rejeta? Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Aliye na barabara ya lami hana udhuru mbele ya mwenye ngamia.

Sheria nayo iangaliwe. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kitabu kilichotengenezwa kwa nukta nundu au kwa sauti kivuke mpaka kutoka taasisi iliyoidhinishwa ya nchi moja hadi nyingine, kwa ajili ya wasioona, bila kuomba ruhusa upya kwa mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Mlango uko wazi, na vitabu vya sauti vya Kiswahili vingepaswa kuwa vimejaa njiani baina ya nchi hizi. Tungependa wahusika waueleze umma vimekwisha kuvuka vingapi. Na pale Jumuiya inapokaa kujadili biashara, wajumbe wetu waulize pia kwa nini haki hiyo isipanuliwe kwa vitabu ambavyo wachapishaji wake wameviacha na havipatikani tena madukani. Waandishi wasidhulumiwe, wengi wao hawajalipwa senti kwa vitabu hivyo tangu viishe, na wangefurahi kusomwa.

Hatutaki mpango wa nchi nzima utangazwe kwa ngoma kisha usahauliwe. Maktaba za mikoa ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha ziko kwenye njia moja ya mabasi. Zijaribu mwaka mmoja. Ziandike orodha moja ya vitabu vyao vya Kiswahili na magazeti yao, zichague siku moja ya juma ya kupeleka mfuko wa vitabu kwa basi, na halmashauri za miji hiyo zigawane nauli. Mwisho wa mwaka zitoe hesabu: vilivyoombwa, vilivyofika, vilivyopotea. Hesabu hiyo tutaichapisha hapa, hata ikiwa mbaya.

Nasi tuna deni letu. Matoleo ya zamani ya gazeti hili yamo katika chumba cha nyuma cha ofisi, yamefungwa kwa kamba, na baadhi ya miaka ina mapengo. Mkutubi wa mkoa akileta barua, atafunguliwa chumba hicho aorodheshe yaliyomo na yasiyomo. Na msomaji yeyote mwenye matoleo yanayopungua, awe Mkinga au Muheza, atujulishe. Tutayaazima, tuyapige picha, na kumrudishia.